Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu e^π na tarakimu zake

Maswali haya yamekusanyika Jumamosi baada ya Jumamosi katika kikundi chetu kidogo cha hesabu hapa Kisumu. Mengine yaliulizwa na wanafunzi, mengine na wazazi waliokuja kuchukua watoto wakakaa kusikiliza, na moja liliulizwa na kijana wa bodaboda aliyekuwa akisubiri mteja mlangoni. Nimeyajibu kwa urefu pale ambapo jibu lina utamu, na kwa ufupi pale ambapo hakuna mengi ya kusema.

e^π ni nini hasa?

Ni namba unayoipata ukichukua e, yaani 2.71828..., ukaipa kipeo cha pai, yaani 3.14159... Hizi hapa tarakimu zake 50 za kwanza baada ya nukta, zimegawanywa tano tano ili macho yasipotee:

23.14069 26327 79269 00572 90863 67948 54738 02661 06242 60021...

Wengi hukwama kwenye neno kipeo. Mbili kipeo cha tatu ni 2 × 2 × 2, hilo halina shida. Lakini utaizidishaje e kwa yenyewe mara 3.14159 na kitu? Jibu ni kwamba tunasogea polepole. Kipeo cha 3 kinatoa 20.0855. Kipeo cha 3.1 kinatoa 22.1980. Cha 3.14 kinatoa 23.1039, cha 3.141 kinatoa 23.1270, cha 3.1415 kinatoa 23.1385. Kadiri unavyoongeza tarakimu za pai, ndivyo jibu linavyotulia mahali pamoja. Mahali hapo panapokaribiwa ndipo tunapopaita e^π.

Pai tunaijua tangu shule ya msingi. Hiyo e inatoka wapi?

Pai utaikuta Kibuye siku ya soko, kwenye mdomo wa kila gorogoro la mahindi: pima mzingo wa mkebe kwa uzi, gawa kwa upana wake, nayo hiyo hapo. e utaikuta kwenye riba.

Tuseme umekopesha shilingi 1,000 kwa riba ya asilimia 100 kwa mwaka. Riba ikihesabiwa mara moja, mwisho wa mwaka una 2,000. Ikihesabiwa kila nusu mwaka, asilimia 50 halafu 50 tena juu ya riba, una 2,250. Kila mwezi, una 2,613.04. Kila siku, una 2,714.57. Mtu wa chama akisikia hivyo hudhani kwamba ikihesabiwa kila sekunde atakuwa tajiri. La. Pesa zinagota kwenye 2,718.28. Jacob Bernoulli aliliuliza swali hili mwaka wa 1683, na ukuta huo uliozuia pesa ndio e mara elfu moja.

Kwa nini jibu langu halifanani na la mwenzangu?

Swali hili ndilo lililotufanya tuanze kukutana. Wanafunzi watatu walikaa benchi moja. Wa kwanza alitumia 22/7 kama alivyozoea mtihanini akapata 23.1700. Wa pili alitumia 3.142 akapata 23.1501. Wa tatu alitumia 3.14 akapata 23.1039. Kila mmoja aliapa kwamba kikokotoo chake ndicho kizima. Walibishana mpaka chai ikapoa.

Vikokotoo vyote vilikuwa vizima. Kilichowatenga ni kosa dogo la pai, na e^π ina tabia ya kulikuza kosa hilo. Ukikosea pai kidogo, jibu linakosea karibu mara 23 ya kosa lako. Angalia: 22/7 inazidi pai kwa takriban 0.00126. Zidisha kwa 23.14 unapata 0.0293, na kweli 23.1700 imezidi jibu sahihi kwa 0.0293. Hiyo 23 ya ukuzaji ndiyo e^π yenyewe, kwa sababu mteremko wa e^x mahali popote ni sawa na thamani yake mahali hapo.

Kwa hiyo ukitaka tarakimu 50 sahihi za e^π, usianze na pai yenye tarakimu 50. Anza na 55 au 60, fanya kazi, kisha ukate mkia.

Naweza kuzitafuta tarakimu kwa penseli tu?

Ndiyo, na ningependa kila mtu afanye hivyo angalau mara moja maishani. Kuna njia mbili ninazozipenda.

Ya kwanza ni mfululizo: 1, halafu π, halafu π² gawa kwa 2, halafu π³ gawa kwa 6, halafu π⁴ gawa kwa 24, na kuendelea. Huhitaji kuanza upya kila mara. Chukua ulichonacho, zidisha kwa pai, gawa kwa namba ya hatua. Daftari letu linasoma hivi:

1
3.14159265
4.93480220
5.16771278
4.05871213
2.55016404
1.33526277
0.59926453
0.23533063
0.08214589
0.02580689
0.00737043
0.00192957
0.00046630
0.00010464
0.00002192
0.00000430
0.00000080
0.00000014
0.00000002

Jumlisha kuanzia juu hadi chini na utapata 23.14069263. Mistari ishirini, na tarakimu nane baada ya nukta zote ni sahihi. Tazama jinsi namba zinavyopanda hadi 5.16, kisha zinashuka, mwanzoni taratibu, baadaye kama jiwe. Zinashuka kwa sababu kigawanyo kinaendelea kukua ilhali pai ni ileile.

Mistari hiyo ina maana nyingine. 3.14159 ni eneo la duara lenye nusu kipenyo 1. Mstari unaofuata, 4.9348, ni ujazo wa tufe la vipimo vinne. Unaofuata, 5.1677, ni wa tufe la vipimo sita. Hatuwezi kuvichora, lakini tunaweza kuvihesabu, na e^π ni jumla ya matufe yote ya vipimo shufwa yenye nusu kipenyo 1, tukianza na ile 1 ya kipimo sifuri. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nililifunga daftari nikatoka nje kidogo.

Njia ya pili haitumii pai wala e hata chembe. Inatumia vipeuo vya pili tu. Anza na k = 1/√2. Tafuta r, ambayo ni kipeuo cha pili cha (1 − k²). Kisha k mpya ni (1 − r) gawa kwa (1 + r). Rudia.

Raundi ya kwanza inatoa k = 3 − 2√2. Gawa 4 kwa hiyo k, unapata 12 + 8√2, yaani 23.3137. Tayari tuko jirani. Raundi ya pili inatoa k = 0.007469667, gawa 4 kwa hiyo, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu: 23.14085. Raundi ya tatu, gawa 4 kwa k halafu tafuta kipeuo cha pili mara mbili: 23.14069263. Raundi ya nne, ukiwa umebeba tarakimu za kutosha na umetafuta kipeuo cha pili mara tatu, itakupa tarakimu 20 hivi baada ya nukta. Kila raundi inaongeza tarakimu sahihi maradufu. Mfululizo wa kwanza hauna mbio hizo. Wenyewe unaokota tarakimu moja moja kama mtu anayechambua omena.

Stima ikipotea jioni, njia zote mbili bado zinafanya kazi.

Kompyuta yangu inasema 23.140692632779267, lakini orodha yako ina ...269. Nani amekosea?

Kompyuta, na ina sababu. Namba ya kawaida ndani ya kompyuta ina nafasi ya takriban tarakimu 16 tu. Pai iliyomo humo imekatwa, na umeshaona jinsi kosa la pai linavyokuzwa mara 23. Ndiyo maana tarakimu ya mwisho ni 7 badala ya 9.

Ukitaka kuona jambo la kushangaza zaidi, mwambie Python, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, ahesabu math.e ** math.pi badala ya math.exp(math.pi). Utapata 23.140692632779263. Sasa e nayo imekatwa, na kosa lake limejumlishwa na lile la pai. Hesabu ni ileile, lakini njia mbili zimetoa majibu mawili, na yote yamepungua kidogo. Tumia maktaba ya mpmath, weka mp.dps = 60, kisha uandike exp(pi). Utazipata zote.

Kwa nini nimeona tarakimu hizi zimeandikwa 2, 3, 1, 4, 0, 6, 9 bila nukta?

Huo ni mtindo wa OEIS, ile kamusi kubwa ya mfuatano wa namba iliyoanzishwa na Neil Sloane mwaka wa 1964, ikaingia kwenye intaneti mwaka wa 1996. Humo kila tarakimu ni kipengele kimoja, na namba nyingine pembeni inakueleza tarakimu ngapi ziko kabla ya nukta. Kwa e^π ni mbili. Ukurasa wake ni A039661. Wa π^e ni A059850.

Ipi kubwa, e^π au π^e?

e^π. Nyingine ni 22.459157718... Lakini usiridhike na kikokotoo, kwa sababu uthibitisho wake ni mfupi na unaweza kumwonyesha mtu mkiwa kwenye matatu kabla hamjafika Maseno.

Kwa kila x isiyo sifuri, e^x ni kubwa kuliko 1 + x. Chora mchoro uone: mstari wa 1 + x unaugusa mkunjo wa e^x mahali pamoja tu, kwenye sifuri, kwingine kote uko chini. Sasa weka x = π/e − 1. Upande wa kulia unabaki π/e. Upande wa kushoto ni e^(π/e) iliyogawanywa kwa e. Zidisha pande zote kwa e: e^(π/e) ni kubwa kuliko π. Zipe pande zote kipeo cha e: e^π ni kubwa kuliko π^e. Kwisha.

Nimesikia e^π ukitoa π unapata 20. Ni kweli?

Karibu. Ni 19.99909997918947... Mara ya kwanza ukiiona kwenye kikokotoo cha tarakimu nne, 19.9991, unahisi kuna mtu anakuficha kitu. Kwa miaka mingi watu waliichukulia kama sadfa tupu. Mimi pia niliwaambia wanafunzi hivyo, na leo naona niliwanyima kitu kizuri, maana sababu ipo na inaeleweka.

Chukua (8πk² − 2), gawa kwa e yenye kipeo cha πk², kisha jumlisha kwa k = 1, 2, 3 bila kikomo. Jumla ni 1 kamili. Sitaleta uthibitisho hapa. Unatokana na ulinganifu wa ile inayoitwa thita ya Jacobi. Lakini angalia ukubwa wa vipande. Kipande cha kwanza, (8π − 2) gawa kwa e^π, ni 0.99966. Cha pili ni 0.00034. Cha tatu hakionekani hata kwa miwani. Kwa kuwa kipande cha kwanza peke yake kinakaribia kuwa 1, basi e^π inakaribia 8π − 2.

Sasa vunja 8π − 2 iwe π + 7π − 2. Na 7π ni nini? Ni ile 22/7 ya shuleni! Kama pai ni karibu 22/7, basi 7π ni karibu 22. Toa 2, una 20. Kwa hiyo e^π ni karibu π + 20.

Kisha angalia makosa, maana hapo ndipo pana siri. Ukisema e^π ni 8π − 2, umepunguza kwa 0.007951. Ukisema 7π ni 22, umeongeza kwa 0.008851. Makosa mawili yanavutana, moja kushoto na lingine kulia, na kinachobaki ni 0.0009. Toa 0.0009 kwenye 20. Hiyo hapo 19.9991.

Kwa hiyo kuna sababu, na kuna sadfa pia. Kukaribia 8π − 2 kuna sababu. Makosa mawili kulingana kiasi hicho ni bahati. Napenda kwamba tunaweza kuonyesha kwa kidole mpaka kati ya hayo mawili.

Na ile namba ya Ramanujan?

Hiyo ni e yenye kipeo cha π√163: 262537412640768743.99999999999925... Tisa kumi na mbili baada ya nukta. Charles Hermite aliutaja ukaribu huu na namba kamili mwaka wa 1859, kabla Ramanujan, mwanahisabati wa India, hajazaliwa. Jina la Ramanujan lilibandikwa baada ya Martin Gardner kuandika kwenye jarida la Scientific American la Aprili 1975, kama mzaha wa siku ya wajinga, kwamba namba hiyo ni kamili na kwamba Ramanujan alikuwa ameibashiri.

Hapa hakuna sadfa kabisa. 163 ni ya mwisho katika kundi dogo la namba tisa zenye tabia ya pekee, na kwa sababu hiyo namba yetu inalazimika kukaribia 640320³ + 744. Fanya hesabu hiyo kwa mkono ukipata nafasi, utaona inaishia na 744.

Tarakimu za e^π zitawahi kwisha au kujirudia?

Hapana, na hilo limethibitishwa. Mwaka wa 1900, David Hilbert aliwapa wanahisabati orodha ya maswali magumu, na katika swali la saba aliitaja e^π kwa jina. Aleksandr Gelfond, Mrusi, alilijibu kwa upande wa e^π mwaka wa 1929, na ndiyo sababu namba hii inaitwa namba ya Gelfond. Alionyesha jambo zito kuliko kutojirudia: hakuna mlinganyo wa aljebra wenye namba kamili, hata uwe mrefu vipi, ambao jibu lake ni e^π. Mwaka wa 1934 yeye na Theodor Schneider, kila mmoja kivyake, walilimaliza swali lote.

Mlango alioingilia ni ule mlinganyo wa Euler: e yenye kipeo cha iπ ni −1, ambapo i ni kipeuo cha pili cha −1. Zipe pande zote kipeo cha −i, na upande wa kushoto unakuwa e^π. Kwa hiyo e^π ni −1 yenye kipeo cha −i. Namba iliyoonekana kuwa ya e na pai kumbe inaweza kuandikwa bila hata moja kati yao.

Mwaka wa 1996 Yuri Nesterenko aliongeza kwamba pai na e^π hazina uhusiano wowote wa aljebra kati yao. Kutokana na hilo tunajua pia kwamba ile 19.9991 haiwezi kuwa jibu la mlinganyo wa namna hiyo.

Lakini π^e? Hakuna aliyethibitisha hata kwamba haiandikiki kama sehemu. Vivyo hivyo e + π, na e × π. Tunajua tu kwamba angalau moja kati ya hizo mbili za mwisho ni ngumu kama e^π. Ipi? Swali liko wazi mbele yetu sote.

Je, kila tarakimu inajitokeza sawasawa?

Hilo nalo halijathibitishwa. Katika zile 50 za juu, 6 imetokea mara tisa, 0 na 2 mara nane nane, na 5 mara mbili tu. Usihitimishe chochote, tarakimu 50 ni chache mno. Zihesabu mwenyewe kwa kuchora vijiti, ni kazi ya dakika tano na watoto wadogo huipenda.

Mimi ni mzazi. Haya yatamsaidia mtoto wangu kwenye mtihani?

Mama mmoja aliniuliza hivi waziwazi, nami namjibu kila mzazi kama nilivyomjibu. e^π haiulizwi kwenye mtihani wa sekondari. Lakini mtoto aliyejumlisha ile mistari ishirini bila kukosea nukta ameshajifunza kupanga kazi yake. Aliyeona kosa la pai likikua mara 23 hatakadiria namba katikati ya hesabu tena, atasubiri mwisho. Hayo mawili peke yake yanaokoa alama nyingi.

Nikariri tarakimu ngapi?

Nane baada ya nukta zinatosha kukagua kazi yako: 23.14069263.

Nianzie wapi?

Anza na 12 + 8√2, ujue ilikotoka. Kisha raundi ya pili. Njoo na daftari la mraba, kila tarakimu ikae kwenye kisanduku chake, na penseli badala ya kalamu, kwa sababu utafuta. Kikokotoo kiache nyumbani Jumamosi ya kwanza. Ya pili tutakitumia kukagua.